Kapasita ya Volti Kumi na Sita kwenye Nikaha ya Watu

Jamani, aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Zuhura, maana yeye akiisimulia anaongeza kwamba nilikimbia, na mimi sikukimbia, nilisogea tu kwa haraka.

Mimi ni fundi wa vitu vya umeme hapa Bungu. Wakati huo barua yangu ya posa kwa Mwanahawa ilikuwa haijajibiwa, baba yake, Mzee Mbonde, anasema bado anawaza, na huku anamwoza dada mtu, akaniomba nifunge spika za nikaha. Nikajua hapa napimwa. Kwa kuwa umeme wetu hukatika bila hodi, nikaunda swichi ya kujihamisha yenyewe, umeme ukikatika inashika betri, ukirudi inaiachia. Betri nikaiweka uani kivulini, nikavuta waya mrefu hadi barazani. Sasa waya mrefu una tabia yake, swichi ikikata ghafla umeme huruka juu kwa kishindo, ndiyo maana pale waya unapoingia kwenye swichi huwekwa kapasita, kile kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, ili ikimeze, tena inayohimili volti nyingi, mara mbili ya betri au zaidi. Hilo nalijua, nalijua kabisa.

Nikaenda Kibiti kwa Zuhura, mtoto wa shangazi yangu, anauza vipuri. Nikachagua ya volti kumi na sita, maana betri yenyewe ni ya kumi na mbili tu, na ile ndogo ilikaa vizuri kwenye kiboksi changu cha swichi (uzuri wa kiboksi, jamani, ndio ulioniponza). Zuhura akaitazama, akasema, "Chukua, mtani wangu, ikakuvue kanzu mbele ya wakwe." Nikacheka. Tumetaniana tangu utotoni, juzi yake tu kaniambia nina kichwa cha kambale, nitajuaje leo anasema kweli? Mtu ana ushauri wa maana anaufunga ndani ya kejeli, halafu nilaumiwe mimi!

Siku yenyewe, baada ya swala ya adhuhuri, umeme ukakatika katikati ya hotuba ya shekhe na spika zisitikisike hata kidogo. Watu wakanigeukia, nikavimba. Mzee Mbonde akashika maiki, kiboksi kiko nyuma ya mgongo wake, akaanza, "Nimekuozesha binti yangu..." na umeme ukarudi. Swichi ikaiachia betri. Paa!

Moshi, harufu ya kuungua, vipande vya karatasi nyeupe vya ndani ya kapasita vimemtapakaa mkwe begani, bwana harusi kalala chini ya meza ya halua, na kule ndani akina mama wanauliza kama ndoa imefungwa au imelipuka. Ikabidi shekhe aanze upya, kwa sauti ya koo. Mzee Mbonde alijipangusa taratibu, akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Laiti angenitukana.

Tangu hapo sinunui kapasita ya chini ya volti hamsini, na Zuhura namwapisha kwanza.

Wiki ya pili mshenga akaja na jibu. Posa imekubaliwa, ila kwa sharti moja, spika za harusi yangu zifungwe na fundi kutoka Ikwiriri, na mimi nisiguse waya. Mimi, fundi! Nimekubali, nifanyeje, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba sharti hilo alilitoa Mwanahawa mwenyewe.