Watu Waliolipwa Kulala

Siku mama yangu alipovunjika nyonga, mimi nilikuwa natafuta picha ya choo cha kwenye chombo cha anga. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuchagua picha za kitabu cha ziada cha sayansi kwa shule za sekondari na kuziandikia maelezo kwa Kiswahili. Picha zenyewe zimo kwenye hifadhi za wazi mtandaoni, maelfu kwa maelfu, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua bila kumwomba mtu. Mwenye shahada mbili, nywele zimeanza kunikimbia, nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu Ngokolo, mjini Shinyanga, nikisoma jinsi mkojo unavyofyonzwa kwa bomba huko juu, mke wangu akapiga kelele uani. Mama alikuwa ameteleza kwenye kizingiti cha bafu, amelala ubavu. Neno la kwanza aliloniambia ni kwamba nisimguse mpaka mkwewe amfunike miguu.

Alikuwa amekuja kututembelea kwa wiki mbili tu, kutoka kijijini kwake upande wa Chato.

Hospitalini, daktari kijana aliinua picha ya eksirei mbele ya dirisha. Alisema fupa la paja limekatika kwenye shingo yake, na mifupa mingine imeliwa ndani kwa umri. Upasuaji upo, lakini moyo wa mama usingevumilia dawa ya usingizi. Turudi naye nyumbani, tumgeuze mara kwa mara asipate vidonda.

"Nitatembea lini?" mama akauliza.

Daktari akaniangalia mimi. Mimi nikaiangalia eksirei, kana kwamba naelewa.

"Tutaona, bibi," akasema daktari.

Mama aliishika hiyo "tutaona" kwa mikono miwili. Kufa hakukumsumbua, alishatuonyesha mahali pa kaburi lake, ubavuni kwa baba. Alichotaka ni kimoja, na alikisema kila siku: arudi kwake kwa miguu yake. "Nilitoka kule nimebeba mfuko wangu mwenyewe," alisema. "Sirudi nimebebwa. Watu wa kule nawajua."

Ndipo nikahama, kwenye hifadhi zile, kutoka vyooni kwenda kwenye utabibu. Nikakuta mambo ambayo hata chuo kikuu hawakuniambia. Mapaja ya wanaanga yanapimwa kwa futi ya fundi cherehani. Mwanamke anakimbia juu ya mkanda wa mashine, amefungwa mabegani kwa kamba za mpira zinazomvuta chini asielee. Picha kwa picha za mifupa, ya kabla ya safari na ya baada. Na vitanda: watu wazima wenye afya wamelala kwenye vitanda vilivyoinamishwa, kichwa chini, miguu juu, wanakula wameegemea kiwiko kimoja, wanatabasamu, na wauguzi wamesimama pembeni na mafaili.

Nikasema moyoni, basi, tiba ndiyo hii. Kesho yake asubuhi nikatia matofali mawili chini ya miguu ya kitanda cha mama, upande wa miguuni. Alikubali. Ni mtu aliyeponda mawe ya dhahabu Nyarugusu kwa nyundo miaka mingi ili mimi nisome, kwa hiyo alipoona nimesoma kitu, aliona nyundo haikwenda bure.

Mchana uso wake ulikuwa umevimba. Mimi nilikuwa mezani, nimefikia kuandika maelezo ya ile picha ya vitanda, na ikabidi nisome yale ya Kiingereza kwa mara ya kwanza. Yalisema kwamba watu wale huinamishwa ili wadhoofike. Kule angani mwili haubebi uzito, misuli inanyong'onyea na mifupa inapungua. Sasa wataalamu, badala ya kumrusha kila mtu, huwalaza watu hapa duniani na kuwaharibu taratibu, wapate kupima. Nilikuwa nimemfanyia mama jaribio la kumharibu, tena bila mwenye kupima.

Nilitoa matofali mbio. Mama akataka kujua kulikoni, nikamweleza.

"Wanalala bila kuumwa?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ngapi?"

"Wengine miezi miwili."

"Wanapewa chakula?"

"Wanapewa. Na wanalipwa."

Yeye huniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. "Baba," akasema, "mimi nina wiki ya tatu hapa. Kawaambie."

Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kusoma kuhusu zile kamba za mpira, na safari hii nilisoma maelezo kwanza. Wanaanga hujivuta kwazo kila siku ili mguu udanganyike kwamba bado unabeba mtu. Nikaenda kwa fundi baiskeli, akanikatia vipande vya tyubu kuukuu, tukavifunga kwenye ubao wa kitanda. Kazi ikawa hivi: mama avute mguu mzima kwa nguvu, na ule mgonjwa kidogo tu, kadiri maumivu yatakavyomruhusu.

Shida ilikuwa kwamba mtoto wa kiume hatazami mapaja ya mama yake. Tukatundika shuka katikati ya chumba. Mke wangu alikaa upande wa ndani akishika miguu. Mimi, mtaalamu wa anga, nilikaa upande wa mlangoni na kompyuta magotini, nikisoma maelekezo na kuhesabu.

"Nne. Tano. Polepole, mama. Sita."

"Huyo anahesabu nini huko?"

"Anahesabu unavyovuta, mama," mke wangu akajibu.

"Mwambie ng'ombe hasomewi kitabu akivuta plau."

Lakini alivuta. Asubuhi na jioni, kwa wiki nyingi. Nilimsikia akigumia kwa uchungu nyuma ya shuka, nikawa nahesabu kwa sauti zaidi. Mikono yake bado ilikuwa na nguvu za Nyarugusu; angeweza kuninyonga. Miguu ndiyo iliyokuwa inaondoka. Mke wangu alianza kuipima kwa kuizungushia kidole gumba na cha kati, na jioni moja aliniita jikoni akanionyesha, kwa mkono wake mtupu, kwamba sasa vidole vinakutana. Tulisimama pale na sufuria ikiungua.

Mwezi wa tatu nilimpelekea mama kompyuta kitandani, nimwonyeshe picha za kumtia moyo. Akapita haraka kwenye roketi na nyota. Akasimama kwenye picha moja: mwanaanga ameteremshwa kutoka kwenye chombo chake, katikati ya nyika isiyo na mti, amekalishwa kwenye kiti, amefunikwa blanketi, na wanaume wanne wamekiinua kile kiti juu juu. Yeye anacheka.

"Huyu ameumia?"

"Hapana. Amekaa juu muda mrefu, hawezi kusimama."

"Na wanambeba mbele za watu?"

"Wote wakirudi wanabebwa, mama."

Aliitazama sana. Chini ya picha ile maelezo yalisema kwamba baada ya siku chache mtu yule alikuwa anatembea. Hayo sikumsomea. Nimewahi kutunukiwa cheti kwa uaminifu wa tafsiri zangu.

"Kama huyo anabebwa na haoni haya," akasema, "nipelekeni nyumbani."

Nilijua nimemshinda kwa hila, na nilijua pia kwamba alichoniambia ni kwamba amekata tamaa. Tulikodi pikapu, tukatandika godoro nyuma, tukafunga turubai dhidi ya jua. Mke wangu alikaa naye nyuma, mimi mbele na dereva. Kahama, Geita, kisha Chato. Tulipoacha lami vumbi likawa jingi, mke wangu akamfunika mama kitenge mpaka usoni, naye mwenyewe akajitanda khanga kichwani.

Hilo ndilo kosa, na halikunijia hata kidogo. Kule kwetu, gari likija polepole kutoka mjini, nyuma kuna mtu amelala amefunikwa na mwanamke amejitanda pembeni yake, hakuna anayesubiri kuuliza. Kwenye bomba la maji, jirani yetu, mwanamke tuliyekua naye, alituona, akaangusha ndoo, akaweka mikono kichwani. "Mayu wee! Mayu wee!" akamlilia mama kwa lugha yetu. Wenzake wakapokea. Watu wakatoka migombani wakikimbia. Niliteremka nikawa napunga mikono kama polisi wa barabarani, nasema hapana, hapana, na kadiri nilivyosema hapana ndivyo walivyonishika na kunipa pole.

Mama alisikiliza kwa muda. Kisha akashusha kitenge.

"Nani anayelia?"

Jirani akasogea kwenye pikapu, mashavu yamelowa. "Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Maliza basi, umeshaanza."

Kuna waliocheka. Jirani hakucheka. Walimbeba wengi, zaidi ya waliohitajika, wakamlaza kwenye kitanda chake. Usiku nilimsikia mama akimwambia mke wangu kwamba yule binti amemlilia vizuri, hakujua kuwa anapendwa hivyo, na sasa ameshasikia, imetosha. Mke wangu alipotaka kumfunga zile tyubu asubuhi, mama alizitoa mkononi mwake taratibu, akaziweka chini ya kitanda.

Nilikaa siku tatu. Nilikuwa nikiketi mlangoni pake, naangalia miguu yake chini ya shuka, bila kujua kwamba ninaangalia. Siku ya nne akaniambia nirudi Shinyanga kwenye kazi yangu.

"Kazi inaweza kungoja, mama."

"Siyo kazi. Ukikaa hapo unaniangalia hivyo, baba, na mimi nalazimika kujaribu. Nimechoka."

Nikapanda basi la Geita saa nne asubuhi.