Roommate wa First Year Aliyekataa Kuniomba Hata Kiberiti

Wakuu, ejok!

Leo nimepata kivuli na bundle, kwa hivyo niwape kisa changu cha first year. Chumvi sitatia, maana shahidi mmoja yumo humu humu jukwaani, nikipotoka atanirudisha njiani.

Ilikuwa 2012. Nilitoka Lokitaung nikajiunga na chuo kimoja cha ualimu pale Lodwar. Hosteli yao ilikuwa na utaratibu wake: first year wote mnachanganywa, hakuna kulala na mtu wa kwenu. Na mnaolala chumba kimoja ndio mnapika pamoja, mnasoma pamoja, na mnaenda pamoja mazoezi ya kufundisha.

Chumba chetu tulikuwa watatu.

Mimi, Ewoi. Espoir, Mkongomani aliyekulia kambi ya Kakuma, mtu wa kucheka hata usingizini. Na Barasa wa Bungoma.

Barasa alikuja na sanduku la bati na marker pen. Kila chake akakiandika. Ndoo, BARASA. Sufuria, BARASA. Hata sabuni! Jina la sabuni lilifutika siku ya kwanza kuoga, naye akaliandika upya.

Sasa wakuu, hapa mnielewe vizuri. Kwetu Waturkana kuomba si aibu. Nikikupenda nakuomba. Nikiona una shuka nzuri nakwambia nipe, na kesho wewe ukiona changu unaniambia nipe. Ukininyima tunacheka tu. Asiyekuomba kitu ni mtu ambaye hataki undugu na wewe.

Kwa hiyo nikaanza kazi siku hiyo hiyo.

"Barasa, nipe sukari." Akanipa.

"Barasa, nipe sabuni." Akanipa.

"Barasa, nipe viatu nifike navyo sokoni." Akanipa, lakini uso ameukunja vibaya sana.

Mimi nikangoja zamu yake. Nikangoja weee. Samaki wangu mkavu alining'inia pale dirishani, chumba kizima kinanukia ziwa, Barasa hasemi nipe. Espoir hakungoja kuambiwa, alimla mpaka akammaliza.

Iliniuma, sifichi. Nikawa najiuliza, huyu mtu wa down Kenya, kama tunavyoita huko kwao kusini, ananichukia nini?

Kumbe mwenzangu ana lake. Hisabati alikuwa anatuzidi darasa zima, lakini kusimama mbele ya watu hawezi. Tulipokuwa tunajaribu kufundishana darasani, Barasa alifundisha ubao. Mgongo ametupa sisi, ubao anaunong'oneza. Tutor akamwambia wazi mbele yetu: "Ukifanya hivi kwenye mazoezi ya Kakuma, first year ndiyo mwisho wako hapa."

Na ualimu ndio kitu pekee alichowahi kutaka. Alishamwambia Espoir kwamba utotoni alikuwa akiyafundisha mahindi kwenye shamba la mama yake, kila mhindi na jina lake. Tatizo ni kwamba mahindi hayacheki mtu.

Tulimwona jioni nyuma ya hosteli akiufundisha ukuta. Nisaidieni hasemi. Mimi nami nikakaza shingo: asiyeomba hapewi.

Ikafika 2013. Siku moja kabla ya safari ya Kakuma, natoka chakula cha mchana namkuta Barasa anapanga nguo kwenye sanduku.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Natafuta gari ya Kitale."

Hapo nikalipuka. "Barasa, mimi nilikukosea nini?"

"Wewe? Hakuna."

"Hakuna aje? Tangu tukuje hapa hujaniomba hata kiberiti! Mimi nimekuomba mpaka viatu. Kama unanichukia, sema!"

Akakaa kitandani, ameduwaa. "Ewoi, kwetu mtoto akiombaomba watu anachapwa. Mimi nilifikiria mnaniona fala wa kukamuliwa."

Espoir akacheka mpaka akajishika mbavu. "Ndugu yangu, miye nilikula samaki yake yote, na angali ananipenda!"

"Niombe kitu," nikamwambia Barasa. "Saa hii."

Akazungusha macho chumbani, akanyoosha kidole. "Nipe... hicho kiti."

Wakuu, mimi nilitegemea aombe kiberiti!

Kile kilikuwa ekicholong yangu, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Baba alinichongea mwenyewe. Lakini neno limeshanitoka. Nikampa, huku natabasamu kwa meno peke yake.

Basi mlango ukawa umefunguka. Akashusha sauti. "Na mnisaidie kufundisha. Tafadhali."

Mchana kutwa mimi na Espoir tulikuwa darasa la tatu, tena watundu. Barasa akisimama tu anageukia ukuta, tukamwambia afundishe amekaa kwenye ekicholong, akitutazama. Nikamwonya: "Watoto wa huku usipowaomba kitu, watakuona polisi."

Kakuma, darasa limejaa. Watoto wa Turkana, wa Sudan Kusini, wa Somalia, wa Kongo. Tutor yuko nyuma na kalamu yake. Mimi na Espoir tuko dirishani.

Barasa akaingia, akaweka ekicholong katikati ya darasa, akakaa. Macho akayatupa sakafuni. Nikasema tayari, amekwisha.

"Nipeni mawe," akasema.

Watoto wakatazamana. Binti mmoja akauliza, "Ngapi, teacher?"

"Ya kugawana sisi wote."

Walitoka mbio, wakarudi na mawe kwenye mashati na sketi. Wakagawana mafungu, wakabishana, wakahesabu upya. Mara kijana mmoja akapaza sauti, "Teacher, nipe chaki!" Akapewa, akaandika hesabu ubaoni, na ni sahihi. Basi darasa zima likawa nipe, nipe, nipe, mpaka chaki zikaisha.

Espoir alilia machozi ya kweli. Mimi ilikuwa vumbi tu.

Barasa alipita. Na "Kenya" hakurudi tena, yuko Katilu mpaka leo, mwalimu na mume wa watu.

Nilichojifunza ni kwamba kuishi pamoja si kugawana chumba tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kuomba ni kumwambia mwenzako kwamba unamhitaji, na wengi wetu tungekufa kuliko kulisema hilo.

Juzi simu imelia, ni Barasa. Salamu hakuna. "Ewoi, nipe jina." Amepata mtoto wa kiume.

Nikampa jina langu. Halafu nikaona na mimi nijaribu bahati. "Haya, sasa nirudishie ekicholong yangu."

Akaninyima! Eti ameshaiandika kwa marker pen: EWOI. Na si mimi.

Haya wakuu, roommate wako wa first year alikuwa wa nipe au wa marker pen? Mwageni visa vyenu hapo chini.

Na Barasa, najua unasoma hapa kimyakimya. Nipe like.