Tamthilia Iliyohama Bila Kuaga

Juzi nilikuwa kwa fundi wa televisheni hapa Lurambi nikingoja redio yangu, mara akaingia mama mmoja kutoka Khayega. Alikuwa amepakata televisheni kwenye bodaboda njia nzima, ameifunga leso kama mtoto mwenye homa.

Fundi akaiwasha. Picha ikatoka safi kabisa.

"Mama, shida iko wapi?"

"Picha iko sawa. Watu ndio si wale." Akaizaba kofi ubavuni. "Saa mbili naiwashanga nione yule mama mkwe mkorofi. Siku hizi inaniletea mhubiri anauza mafuta!"

Fundi alijaribu kutocheka, akashindwa. "Haijaharibika, mama. Ni stesheni imehamisha tamthilia. Kwanza waliipeleka saa nne, sasa iko Jumapili asubuhi."

"Jumapili asubuhi? Nani anabakinga nyumbani?"

Hapo nikaingilia yasiyonihusu. Nikamwambia nimemsikia mkubwa wa stesheni hiyo akilia redioni kwamba watazamaji wake wametoroka.

Mama alikuwa ameanza kuifunga televisheni tena. Akasimama, ncha ya leso mkononi.

"Mimi nimetoroka? Mimi niko kwa kiti kile kile. Yeye ndiye anahamanga, na haagi mtu!"

Bwana mkubwa wa stesheni, acha kulipa wataalamu wakueleze watazamaji wako walikwenda wapi. Mmoja amepanda bodaboda kutoka Khayega mpaka Lurambi, amekuja kukutafuta kwa bisibisi ya fundi.