Simu Iliyofuliwa

Mwaka ambao ugonjwa wa koo ulimnyima mama sauti, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta programu ya kuandikia. Ilikuwa haki: nyumba nzima hapa Bagamoyo inajua kwamba sitoki, na kochi limeshachukua umbo langu. Nikajaribu nne. Moja ilidai nywila kila mara, mama akaitazama kama mtu aliyeombwa kitambulisho mlangoni kwake. Nyingine maneno ya asubuhi iliyaleta kwangu baada ya alasiri, chai imeshapoa. Niliyoichagua ilikuwa na mwendo: mama akiandika kwenye simu yake chumbani, neno linatokea hapo hapo kwenye kishikwambi changu sebuleni. Akilifuta, linafutika kote. Nikajiona fundi.

Hakuandika ya hekima. "Wali unaungua, wewe umekaa." "Nenda hata Mlingotini kwa mama yako mdogo, usije ukaota mizizi." Namjibu, "Shikamoo mama, naandaa safari." Ananiandikia, "Marahaba. Mwongo." Yote yalibaki mle, mwaka mzima wa kutaniwa.

Baada ya arobaini yake tukagawa vitu. Kwetu nguo ya marehemu haitolewi hivi hivi. Inafuliwa, inafukizwa udi, ndipo anapewa mtu. Khanga zikaenda kwa majirani, simu ikamwangukia mama mdogo. Sikuona tabu, maana maneno ya mama ninayo kwangu. Akaketi nayo barazani, miwani puani.

Nilikuwa kwenye kochi nikiyasoma. "Mwongo" ikatoweka mbele ya macho yangu. Nikadhani mtandao. Ukatoweka wali. Nikagusa, nikazima, nikawasha, fundi mimi. Nilipoelewa na kufika barazani, ukurasa ulikuwa mweupe, na mama mdogo anapangusa kioo cha simu kwa upindo wa mtandio.

"Nguo tumefua, na hii nimemfulia dada yangu," akasema. "Moja moja, sikuruka hata moja. Yalikuwa mengi, masikini."

"Uliyasoma, mama mdogo?"

"Nisome siri za mtu? Nimefumba jicho nikafuta."

Programu ile haikuwa na pipa la kuokotea vilivyofutwa. Ndiyo maana ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana niliipenda.

Akanitazama. "Mbona umesimama hivyo, mwanangu? Nimekosea?"

Nikamwambia hapana, imetakata.