Mishipi Miwili Nyuma ya Boti

Msimu ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na kitu nilichokitaka kuliko vyote kilikuwa mpini wa mashine ya boti ya mjomba. Naanza hapo ili msomaji asije akadhani nilikuwa na sababu nyingine ya kufanya nilichofanya.

Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alistaafu jeshini akiwa dereva. Mtaani kwetu Kimaka, mjini Jinja, kila mtu alimwita Afande, hata mkewe. Alikuwa na boti ya mbao aliyoifunga kwenye mwalo wa Masese, na alivua kwa namna ambayo wavuvi wengine waliiona kuwa mchezo wa wageni, bila nyavu na bila kutega. Alikokota. Boti inakwenda taratibu, mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yake inavutwa mishipi miwili, kila mmoja na samaki wa bandia mwishoni, wa plastiki, mwenye ulimi mdogo wa kumzamisha. Sangara akimwona anapita anadhani ni chakula. Mwisho wa juma tulichukua wageni waliotaka kupigwa picha na samaki mkubwa. Siku nyingine tulivua wenyewe, na kina mama wa Masese walitungoja ufukweni na mabeseni yao.

Mimi sikufundishwa na mtu. Mjomba akikuonyesha jambo anakuonyesha mara moja, akiwa amekupa mgongo. Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za watu waliovaa makoti mazito wakikokota samaki wa trauti kwenye maziwa ya milimani, nchi za baridi, ambako maji ni meusi na theluji inaonekana juu ya miti. Sikuelewa nusu ya walichosema. Nilitazama mikono yao. Baadaye nilipima mshipi wangu kwa pima, na kila pima kumi nikaupaka rangi nyekundu ya kucha ya mama, ili nijue samaki wangu wa bandia yuko umbali gani. Niliandika kwenye daftari hali ya upepo, rangi ya maji, umbali, saa. Fundo moja nililifunga na kulifungua hata mara nane. Nikiwa majini nilikuwa na hofu kwamba fundo limelegea, basi kila baada ya dakika chache nilivuta mshipi wote kulitazama, na samaki wa bandia aliyeko botini haumwi na sangara.

Nilikuwa nimekaa miaka miwili hivyo, na nilijiona nastahili. Kisha, mwezi wa tatu, mvua zilipoanza, mjomba alimleta binamu yangu kutoka Nakaloke, karibu na Mbale. Ni mtoto wa kaka mwingine wa mama na mjomba, tumelingana umri, na kwa desturi yetu namwita dada. Alikuwa akiuza vitunguu sokoni kule. Ziwa alikuwa amelipita mara moja tu, akiwa ndani ya gari, amelala.

Siku ya kwanza mjomba alizima mashine katikati ya maji, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

“Mimi magoti imekataa,” alisema. “Mwezi wa nane ikiisha, narudi Nakaloke kwa shamba. Boti inabaki hapa Jinja. Nyinyi iko wawili, mpini iko mmoja. Nitaangalia.”

“Utaangalia nini, Afande?” dada aliuliza.

“Mikono.”

Akawasha mashine. Kwa miezi sita sikuwaza kingine.

Ningependa kuandika kwamba dada alijifunza polepole. Wiki ya pili alikuwa ameketi ubavuni mwa boti, mshipi umepita juu ya kidole chake cha shahada, anaongea na mjomba habari za bei ya maharage, akakata maneno akasema, “Yangu imeshika jani.” Akavuta. Ilikuwa imeshika jani. Jani lenyewe la gugu maji halikuzidi ukucha. Samaki wa bandia akitembea vizuri anatetemeka, na mtetemo huo unapanda kwenye mshipi. Jani likimnasa mtetemo unakuwa mzito. Mimi nilikuwa nimelisoma hilo, nimeliandika, nimelipigia mstari. Yeye alilisikia kwa kidole.

“Ulijuaje?” nilimuuliza.

“Ilinyamaza.”

Mjomba alicheka, akamwambia jambo kwa Kigisu. Mama yangu ni Mgisu lakini baba ni Msoga, na mimi nilikulia Jinja. Kigisu changu ni cha salamu na chakula. Walicheka wote wawili. Nilitazama maji. Tangu siku hiyo, kila walipoongea lugha hiyo, nilikuwa na hakika wananiongelea mimi.

Wivu una kazi nyingi ndogondogo. Nilihesabu mara mjomba alizomwita dada kwanza kabla yangu. Nilihesabu nani alipewa kushika mpini wakati mjomba anakunywa chai, na kwa dakika ngapi. Mvua za mwezi wa nne zilipochafua maji yakawa kama chai ya maziwa, sangara wakasogea kwenye miamba ya visiwa vidogo, na dada akawapata wawili kwa asubuhi moja. Nilimpongeza. Nilimshikia samaki apigwe picha, na nilihakikisha kwamba kwenye picha samaki amemfunika uso nusu. Hakugundua, au hakujali. Aliituma picha hiyo Nakaloke ikiwa vilevile.

Kibaya zaidi ni kwamba nilimpenda. Alikuwa mtu wa utani. Wadudu wa ziwani walipopanda juu ya maji kama moshi na kutuingia puani, yeye alifungua mdomo akasema, “Leo hatununui nyama.” Wanaume wa mwaloni waliomtania kwamba mwanamke botini anafukuza samaki aliwajibu, “Basi nyie nani anawafukuzia, maana botini kwenu hakuna mwanamke na hakuna samaki.” Walicheka mpaka mmoja akakalia beseni la watu. Nami nilicheka, na ndani ya kicheko nilikuwa nikifikiri kwamba mimi, kwa miaka miwili, hakuna aliyewahi kunitania pale.

Mwezi wa sita upepo wa kusini ulianza. Ziwa lilivimba kila mchana, tukawa tunatoka alfajiri na kurudi kabla ya saa tano. Nilipata samaki watatu wazuri wiki moja, wote kwa umbali wa pima arobaini, kama daftari lilivyosema. Mjomba alilichukua daftari, akalisoma kurasa nyingi akiwa ameliweka mbali na macho.

“Hii kazi ya karani,” alisema. Nilikaa siku mbili nikijiuliza kama ni sifa au tusi.

Sasa nifike mwezi wa saba.

Kuna sheria moja ya kukokota ambayo mjomba aliisema kwa sauti, akatufanya tuirudie, kama gwaride. Mshipi mmoja ukishika samaki, anayeushika anasema “Imeshika.” Mara hiyo mwenye mshipi wa pili anavuta wake wote mpaka botini, haraka, haulizi, hatazami samaki wa mwenzake. Mwenye mpini hazimi mashine. Anapunguza, anageuza pua polepole kuelekea upande wa samaki. Ukiacha mshipi wa pili majini, samaki mkubwa anakimbia kuvuka nyuma ya boti, mishipi inasokotana, inakatana.

Tulikuwa upande wa kivuli wa kisiwa kimoja cha mawe, sisi watatu tu. Mshipi wangu ulikuwa nje pima arobaini. Fimbo ya kuvulia ya dada iliinama mpaka ncha ikagusa maji.

“Imeshika,” alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

Nyuma yetu sangara aliruka, akatikisa kichwa. Nilimwona vizuri. Sijawahi kuona mkubwa kama yule karibu na Jinja. Na jambo la kwanza lililonijia kichwani, kabla ya mshangao, lilikuwa: huyu akiingia botini, mpini umekwenda.

Nilianza kuvuta. Alama nyekundu moja ikapita, ya pili. Kisha nikakiinamia kigurudumu cha kukunjia mshipi kama mtu aliyeona kimekwama. Hakikuwa kimekwama. Nilikigusa hapa, nikakigusa pale, nikakipuliza, wakati pima ishirini za mshipi wangu ziko nyuma ya boti. Nilihesabu moyoni. Nilifika kumi na moja nilipousikia mshipi wangu ukivutwa na kitu ambacho hakikuwa samaki wangu. Baada ya hapo mishipi yote miwili ikalegea.

Mjomba alikuwa anatazama mawe asije akatugonga. Hakuona mikono yangu.

“Imekatika?”

“Imekatika, Afande,” dada alisema.

“Kubwa?”

“Kubwa.”

Mjomba alitema mate majini. “Ulimwachia sana. Samaki kama ile unaishika kichwa, haiendi upande ya mwenzako. Mkono yako laini.”

Dada alikuwa anakunja kipande cha mshipi kilichobaki. Alinitazama mara moja, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikuniona wapi. “Sawa, Afande,” alisema.

Nami nikasema, Mungu anisamehe, “Pole, dada.”

Kuanzia siku ile mjomba alinipa mimi mpini muda mrefu zaidi. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka na kilikuwa hakina ladha. Nilimwona dada akishika samaki wake kwa nguvu kupita kiasi, akiogopa kuambiwa tena kwamba ana mkono laini, na mara mbili aliwang'oa ndoano mdomoni. Alikuwa anavua vibaya kwa sababu ya uongo wangu. Wivu wangu haukupungua hata hivyo. Nilidhani ungekwisha nikishinda. Nilianza kumwonea wivu kwamba yeye analala.

Mwisho wa mwezi wa nane tulipakia vitu vya mjomba kwenye gari la kukodi, tukamsindikiza Nakaloke. Mkewe, aliyekuwa ametangulia, alikuwa amepika malewa, yale machipukizi makavu ya mianzi yanayoletwa kutoka mlimani, ndani ya rojo ya karanga, pamoja na matoke. Tulikula ukumbini, ndugu wachache wa upande wa mama wakiwapo. Mjomba alinawa, akakaa, akasema bila kuinua kichwa:

“Boti nimepea huyu wa Jinja. Huyu mtoto wetu wa hapa iko na akili, lakini samaki kubwa anaiogopa. Ile ya mwezi wa saba aliipoteza kwa mkono yake.”

Wajomba wengine waliitikia. Dada alikuwa anampimia mtoto wa mtu chakula. 

Nimejaribu mara nyingi kuandika kwamba nilimhurumia wakati ule. Si kweli. Nilichohisi ni karaha ile ile ninayoihisi nikiona fundo limefungwa vibaya. Jambo lililosemwa halikuwa sahihi, lilikuwa limesemwa mbele ya watu, na sasa litarudiwa Nakaloke nzima kama habari ya kweli. Sikuweza kuliacha hivyo.

“Si mkono wake,” nilisema. “Mimi sikuvuta mshipi wangu.”

“Kigurudumu kilikwama,” mjomba alisema. “Nakumbuka.”

“Hakikukwama, Afande. Nilijifanya. Nilihesabu mpaka kumi na moja.”

Mjomba alimeza tonge lake. Akachukua lingine, akalichovya kwenye rojo, akalila pia. Mkewe aliacha kijiko ndani ya sufuria. Mmoja wa wajomba aliuliza kigurudumu ni nini.

“Wewe ulikuwa unajua?” mjomba hatimaye alimuuliza dada.

“Nilikuwa nadhani.”

“Na ukanyamaza.”

“Ningesema nini? Daftari ni yake, mngemwamini yeye.”

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mjomba alinitazama kwa muda mrefu, na naamini ilikuwa mara ya kwanza kunitazama hasa.

“Jeshini,” alisema, “mtu ya kuacha mwenzake hivyo hapandi gari yangu tena.” Kisha akamgeukia dada. “Mpini ni yako. Huyu umwache ama umchukue, mimi sijui.”

Dada alimfuta mtoto mdomo kabla ya kujibu. “Mahesabu yake ya upepo nayataka,” alisema. “Lakini akae mbele yangu. Nimuone mikono.”

Ndivyo tulivyorudi Jinja, yeye kiti cha mbele cha gari, mimi nyuma na pipa la mafuta. Njiani hakunisemesha mpaka tulipovuka Iganga, akaniuliza kama nina njaa. Nilisema hapana. Akanunua muhogo wa kuchoma wa kumtosha mtu mmoja, akaula peke yake.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa tulitoka sisi wawili. Alikaa kwenye mashine, mimi mbele, fimbo mkononi, mgongo wangu umegeukia tunakokwenda na uso wangu umemwelekea yeye, kama alivyotaka. Maji yalikuwa yametulia. Karibu na saa mbili samaki aliupiga mshipi wangu kwa nguvu upande wa kulia, akapiga mbio kuelekea kwenye mawe, na mimi kwa hofu sikusema neno lililotakiwa. Dada alikuwa amekwisha kupunguza mwendo. Pua ya boti iligeuka taratibu, ikaja upande wa samaki, na mshipi wangu ukatoka kwenye mawe kana kwamba mtu ameuinua kwa mkono.

“Sema,” aliniambia.

“Imeshika.”

“Nimeona. Lakini uwe unasema.”

Nilivuta robo saa nzima. Alikuwa sangara wa wastani, mwenye macho ya dhahabu. Nisingempata bila mgeuko ule, na mimi nisingeweza kugeuza hivyo hata kwa miaka kumi ya daftari. Nilijua hivyo nilipokuwa bado namvuta, na nilimwonea dada wivu mpaka samaki alipogonga sakafu ya boti, na hata baada ya hapo.