Sifuri Nne na Kitenge cha Mama Kavira

Hata leo nikipita karibu na ile salle, ukumbi wa parokia, naangalia viatu vyangu tu, maana mle ndani niliona haya mpaka masikio yakatoa moshi. Ilikuwa ile miezi ya vita, watu wa Kivu wakishuka kwa mashua mpaka Kilwa, bandari ya ziwani, halafu kwa malori mpaka mjini kwetu, na majina yao yote yakiingizwa katika ordinatere (kompyuta) moja kubwa pale parokia. Mimi na diploma yangu ya masomo ya jioni nikajitolea kutengeneza programu ili ordinatere zingine tano zisome ile orodha, watu watafute ndugu zao bila mustari wa watu mrefu wa kufika mpaka mji wa Kasenga!

Kosa lilikuwa dogo kama kiroboto: mahali pa anwani ya ile ordinatere kubwa niliacha sifuri nne, 0.0.0.0, kama nilivyozoea nikijaribu nyumbani. Siku ya kufungua, zile tano za parokia, zenye Windows, zikakataa palepale: anwani si halali. Laptop yangu ya Linux ikaunganika kabla sijaondoa kidole.

"Munaona?" nikapiga kelele. "Ya kwangu njo iko na akili! Bantu bote bakuye huku!"

Wa kwanza alikuwa Mama Kavira, muuzaji wa jumla kutoka Butembo.

"Kijana, nitafutiye bwana yangu, Kasereka."

Nikaandika. Kasereka: amefika! Nikatangaza kwa sauti ya padiri wa Pasaka, mama akapiga vigelegele, akavua kitenge chake cha juu akanifunga nacho kichwani, salle nzima ikacheza (na mimi nikacheza kuwapita wote).

"Sasa iko wapi?"

Nikasoma: Kasereka, chumba cha 99, anapenda sana bukari (ugali).

Hayo niliyaandika mimi mwenyewe, jikoni kwetu, kwa jina la kwanza lililonijia, katika orodha ya majaribio iliyobaki ndani ya laptop! Linux ukiipa sifuri nne inajipigia yenyewe, Windows inakataa. Zile tano zilikuwa zinasema kweli.

"Kumbe machine yako inajisemesha yenyewe, sawa na weye!" Mama Kavira akasema, machozi yakimtoka.

Nikaweka anwani ya kweli ya ile ordinatere kubwa, zote sita zikafunguka. Mama akaandika jina kwa mkono wake. Lakini hakupiga vigelegele.

"Usome. Polepole."

"Kasereka wa Butembo. Yuko Kilwa, anangoja lori. Anatafuta mke wake, Kavira."

Akanisomesha mara tatu. Halafu akanyoosha mkono.

"Leta kitenge yangu."

Akakivaa, ndipo akacheza. Mimi, tangu siku ile, machine ikinijibu ndiyo haraka haraka, naiuliza kwanza: unaongea na nani?