Nguzo za Baraza la Martina

Martina wa Kagongwa si mtu wa kufoka ovyo. Lakini siku ile aliporudi kutoka mashineni kukoboa mpunga, akakuta nguzo mbili za baraza lake ziko chini na vumbi jekundu limetanda uwanjani, mtaa mzima ulimsikia.

"Nani kakutuma? Nakuuliza wewe, nani kakutuma!"

Fundi Chacha, nyundo mkononi, akasema katumwa na Donatus. Alitumiwa picha kwa simu kutoka Geita: nyumba ina vigae ukutani, madirisha ya vioo vyeusi, na baraza haina.

Haya, sikieni jeuri hiyo! Donatus ni mwanawe wa kumzaa, na walikubaliana bati tu. Bati lilikuwa limeoza, mvua ikinyesha inamfuata mpaka kitandani, na Martina mwenyewe ndiye aliyeomba libadilishwe. Alimwambia mwanawe waziwazi: paa badilisha, baraza usiguse. Akaitikia, "Sawa, mayu," kama mtu mwenye akili zake. Kumbe maneno yameingilia sikio hili yakatokea lile.

Baraza hilo alilijenga na marehemu mumewe, Marselino. Udongo waliukanyaga wenyewe, matofali wakayachoma kwa pumba za mpunga maana kuni hazikuwepo. Yalitoka mekundu yenye mabaka meusi, na Marselino akakataa kuyapiga plasta. Uzuri wote ule aufiche kwa nini? Hapo ndipo Martina alipopeta mchele, ndipo alipopokea wageni, ndipo alipopewa pole Marselino alipokufa. Leo mtu anakuja na nyundo!

Donatus alifika kesho yake, na viatu vyake vyeupe. Hata shikamoo yake haikuitikiwa.

"Mayu, watu wananicheka. Wanasema napata dhahabu huku mama yangu anakaa kwenye gofu."

"Gofu?" Martina akasimama. "Matofali haya nimeyafyatua nikiwa na wewe tumboni. Kama hilo ni gofu, basi na mimi ni gofu. Nibomoe na mimi! Hao wanaokucheka, wanalala humu?"

Donatus akasema basi, nguzo zirudishwe. Na matofali yenyewe yako wapi? Hapo hasira ikapanda upya: Chacha alikuwa ameshayagawa kwa majirani kama kifusi. Martina akamsukumia mwanawe toroli.

"Nenda ukayaombe. Mlango kwa mlango. Na useme nani aliyeyatupa."

Akaenda, na viatu vyake vyeupe. Wengine walimcheka, wengine walimrudishia. Esta, jirani wa nyuma, alikuwa ameshajengea banda la nguruwe, akasema habomoi ng'o. Yaliyopatikana yalitosha nguzo moja. Donatus akataka ya pili ijengwe kwa matofali ya saruji. Mama akakataa katakata. Mpaka leo, upande huo bati jipya linalong'aa linashikiliwa na gogo la mkaratusi.

Jumapili moja alikuja mwinjilisti mgeni, akakaribishwa barazani. Akalitazama lile gogo, akauliza ni nani aliyeiharibu nyumba nzuri namna hii. Donatus alikuwa amekaa pembeni. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni yeye.

"Sema kwa nguvu," Martina akamwambia. "Mgeni hajasikia."